Msichana Aliyejiita Plastiki

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alinijia ofisini na pendekezo la tasnifu. Alitaka kuchunguza lugha ya nyimbo za panki, ule muziki wa makelele ulioshika kasi nchini Uingereza mwaka wa 1976. Nilimrudishia karatasi zake kabla hajamaliza kujieleza. Nilimwambia kwamba isimu ni taaluma yenye heshima zake, wala haina nafasi ya mayowe ya wahuni. Nayaandika haya kwa sababu ya mwimbaji mmoja aliyetajwa katika karatasi zile, ambaye nilikuja kumsikiliza baadaye, peke yangu, kwa aibu.

Jina lake hasa lilikuwa Marianne Joan Elliott-Said. Alizaliwa tarehe 3 Julai 1957 huko Bromley, kusini mwa London, na kulelewa Brixton. Mamake alikuwa Mzungu na babake Msomali; ndiyo maana msomaji wa pwani yetu atalitambua mara moja lile jina la Said. Siku alipotimiza umri wa miaka 19 aliwaona Sex Pistols wakiimba mjini Hastings, na haukupita muda akaunda bendi yake mwenyewe, X-Ray Spex.

Neno panki lenyewe lilikuwa tusi. Shakespeare alilitumia kwa maana ya kahaba, na baadaye likawa jina la mhuni au mtu asiyefaa kitu. Vijana wale walilichukua tusi hilo wakalivaa kama joho. Marianne alikwenda mbali zaidi. Alifungua kitabu cha simu za wafanyabiashara kutafuta jina linalofaa zama zake, akatoka na Poly Styrene. Polistirini ni ile plastiki ambayo, pamoja na mengine, hutengenezewa vikombe vya kunywea mara moja na kutupwa. Mwenyewe alieleza kwamba ilikuwa kejeli: mwimbaji maarufu ni bidhaa, hutumiwa kisha akatupwa. Sisi wanaisimu hurudia darasani kwamba uhusiano wa neno na kitu ni wa nasibu. Naam, ni kweli, lakini msichana huyu alilichagua jina kama wakili achaguavyo ushahidi.

Bendi ile ilitoa albamu moja tu katika ujana wake, Germfree Adolescents, mwaka wa 1978. Msamiati wake umeokotwa madukani: sabuni na dawa za kuua viini, nailoni, majina ya bidhaa. Aliyakusanya maneno ya matangazo ya biashara na kuyaimba kwa sauti kali mno hivi kwamba msikilizaji hawezi tena kuyasikia bila kuyashuku. Mna humo wimbo uhusuo akili iliyogeuka mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka wa 2017. Ule wa akilini bado hatujautungia sheria.

Wala hakuwa mtu wa maneno matupu. Wakati huo chama cha National Front kikichochea chuki dhidi ya watu weusi, naye, binti wa Msomali mwenye vyuma menoni, alisimama jukwaani katika bustani ya Victoria, London, tarehe 30 Aprili 1978, akaimba mbele ya maelfu ya watu waliokusanyika kuupinga ubaguzi wa rangi.

Kisha akaugua. Alilazwa hospitalini na kuambiwa ana skizofrenia, utambuzi ambao ulikuja kubainika kuwa wa makosa. Mwaka wa 1979 bendi ikavunjika. Baadaye alijiunga na waumini wa Hare Krishna. Alifariki kwa saratani tarehe 25 Aprili 2011, akiwa na umri wa miaka 53, wiki chache tu baada ya kutoa albamu yake ya mwisho. Wasichana wa Marekani walioanzisha bendi za panki mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimhesabu kuwa mtangulizi wao, na mwaka wa 2021 bintiye, Celeste Bell, alishiriki kuongoza filamu juu ya maisha yake.

Walimu wenzangu watauliza kama nataka panki ifundishwe shuleni. La hasha, nyimbo nyingine za panki ni mayowe kweli. Ninalouliza ni hili: tunapoyafuta kwa wino mwekundu maneno ya Sheng katika insha, je, huwa tumekwisha kuuliza neno lile lilikuwa linafanya kazi gani?

Mwanafunzi wangu aliandika tasnifu kuhusu viambishi vya njeo. Ni kazi safi, nayo imo maktabani. Nilipomwandikia barua kumwarifu kwamba hatimaye nimemsikiliza Poly Styrene, alinijibu kwa adabu kwamba diski zile alikwisha kuzigawa zamani.