Je, Wajua? Sokwe Waliosingiziwa Mafua

Je, wajua kwamba virusi vya RSV, vinavyowabana vifua watoto wachanga duniani kote, viligunduliwa kwanza kwa sokwe? Katika taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed, sokwe 14 walishikwa na mafua: chafya, kamasi, kikohozi. Mfanyakazi mmoja wa maabara akaugua naye. Mwaka 1956 watafiti walitangaza kwamba wamepata kirusi kipya, wakakiita cha mafua ya sokwe. Haukupita muda, daktari Robert Chanock akakikuta kirusi kile kile kwa watoto wagonjwa huko Baltimore, na ikadhihirika kwamba kimeenea sana kwa watoto. Mlalamikaji, yaani binadamu, ndiye aliyestahili kupanda kizimbani! Jina likabadilishwa kuwa RSV. Chanjo yake ya kwanza iliidhinishwa mwaka 2023, miaka 67 baadaye.

Je, wajua kwamba kisa kama hicho kimetokea ufukweni mwa ziwa letu, Tanganyika? Kutoka Minago, Burundi, wanakoanika ndagala juani, fuata ufuko kuelekea kusini: utapita Rumonge, ambako milimani kuna msitu wa Vyanda, makao ya sokwe wa Burundi; utavuka mpaka kuingia Tanzania, utafika Gombe, kisha mbali zaidi, baada ya Kigoma, Mahale. Mwaka 2006 sokwe wa Mahale walianza kukohoa. Baadhi walikufa, wengine hawakuonekana tena. Vinyesi vyao vilipopimwa, vilionyesha kirusi cha jamaa ya HMPV, kirusi cha binadamu kinachoshambulia njia ya hewa.

HMPV yenyewe ilikuwa habari mpya wakati huo. Waholanzi waliitambua mwaka 2001 katika sampuli za watoto 28 zilizokusanywa kwa miaka 20. Upya wake, hata hivyo, ni wa kwenye karatasi tu: damu iliyohifadhiwa tangu 1958 ilikuwa tayari na kingamwili zake. Watu walikuwa wakiiugua na kuiita mafua, basi. Kwa hofu ya kuwaambukiza sokwe mafua kama hayo, huko Mahale mgeni huvaa barakoa na kukaa mbali na sokwe, na mwenye mafua hubaki kambini, hata kama amelipa dola zake zote.

Na je, wajua kwa nini mafua yanayompitia mtu kwa siku tatu humuua sokwe? Msitu wa Kibale, Uganda, mwaka 2013, ulipoteza sokwe watano kati ya 56 wa kundi moja. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka miwili, na mwili wake ulipochunguzwa ulikutwa na rhinovirusi C, kirusi cha mafua ya binadamu, ambayo sayansi iliitambua mwaka 2006 tu. Watafiti wakapima jeni linalotengeneza mlango ambao kirusi hicho hupitia kuingia kwenye seli. Kila sokwe aliyepimwa alikuwa na aina ile inayokifungulia kwa urahisi. Kwa binadamu, aina hiyo hiyo huonekana zaidi kwa watoto wanaolazwa mara kwa mara kwa pumu kali.