Kungoja Jibu la Chuo Kikuu: Kikundi Kifanye Nini?



Kila mwaka hapa Chekalini mambo huwa yale yale. Matokeo ya KCSE yanatoka, nyumba moja inapiga vigelegele, na kabla wiki haijaisha kikundi kimeitwa kikao cha haraka. "Mtoto wetu amepita, tufanye harambee!" Mahindi yanatolewa ghalani na kuuzwa, ekari moja inakodishwa kwa bei ya kutupa. Halafu mtoto anakaa nyumbani miezi mitano. Jibu la chuo bado. Likija, ile pesa imeshaliwa na mahitaji ya nyumbani, na wanachama wanaambiwa wachange tena. Hapo ndipo vikundi huvunjika.

Tumeona ni vizuri tueleze kinachoendelea katika miezi hiyo, kwa maana mzazi asiyejua anachongoja hutapeliwa kwa urahisi.

Jambo la kwanza kushika ni hili: mtoto hangoji jibu moja, anangoja matatu. Baraza la mitihani, KNEC, linasema amepata alama gani. KUCCPS, ofisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, inasema ataenda chuo gani na kusoma nini. Halafu HELB na Hazina ya Vyuo Vikuu zinasema atapata mkopo kiasi gani na ruzuku kiasi gani. Haya hayaji siku moja. Mwaka 2025, kwa mfano, matokeo ya KCSE yalitoka tarehe 9 Januari, na majibu ya KUCCPS yakaja katikati ya mwaka.

Wazee watacheka, kwa sababu wao walingoja zaidi. Kuanzia 1984 hadi 1990 waliochaguliwa kwenda chuo kikuu walipitishwa kwanza NYS kwa mafunzo. Baadaye, wakati wa bodi ya JAB, nafasi zilihesabiwa kwa vitanda vilivyoko vyuoni, na kijana aliweza kukaa nyumbani karibu miaka miwili. Wengine walioa wakingoja! Sheria ya vyuo vikuu ya 2012 ndiyo iliyoleta KUCCPS mahali pa JAB.

Sasa, nafasi hugawanywaje? C+ ndiyo alama ya chini ya kuingia chuo kikuu. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa walikuwa 962,512, na waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391. Wote hao wana ruhusa ya kuomba digrii, lakini viti vya udaktari, ufamasia au uhandisi ni vichache, na hapo ndipo watu hukanyagana. Kila kozi inatazama masomo manne yanayoihusu. A ni pointi 12, kwa hiyo masomo manne yanafika 48. Hizo huunganishwa na pointi za masomo yote saba, ambazo mwisho wake ni 84. Chukua watoto wawili wenye B, kila mmoja ana 63 kwa 84. Mmoja katika yale masomo manne ana 40, mwingine ana 34, kwa sababu nguvu yake ilikuwa kwenye historia na dini. Kwa kozi ya sayansi wa kwanza yuko mbele kabisa, ingawa kijijini tunasema "wote wana B." Tusiwagombanishe hawa watoto.

Tena ile pointi ya mwisho inayotangazwa kwa kila kozi si ahadi. Ni pointi ya yule aliyeingia wa mwisho mwaka uliopita. Wakiomba wengi wenye alama za juu mwaka huu, inapanda. Kwa hiyo mtoto apange machaguo yake kwa akili: moja la kutamani, mengine ya kufikika. Mzazi anayelazimisha udaktari kwenye kila mstari anamfungia mtoto mlango. Na akikosa katika awamu ya kwanza, hajaanguka. Mfumo hufunguliwa tena aombe nafasi zilizobaki, lakini siku zake ni chache, lazima asikilize redio na kuangalia simu.

KAZI YA MIEZI YA KUNGOJA

Hapa ndipo tungependa vikundi vitie mkazo, maana ndipo mambo yanapoharibikia. Fomu ya mkopo na ruzuku inataka karatasi, na karatasi hazitoki kwa siku moja. Mtoto aliyefikisha miaka 18 aende mara moja kuomba kitambulisho. Asingoje jibu la KUCCPS. Awe na laini ya simu iliyoandikishwa kwa jina lake mwenyewe, si ya mjomba. Cheti cha kuzaliwa kikaguliwe kama jina linafanana na lile la cheti cha mtihani. Herufi moja tu ikihitilafiana utarudishwa. Kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi kitafutwe sasa. Kuna familia nyingi ambazo hazikuwahi kukichukua, na bila karatasi hiyo mtoto hana la kuonyesha.

Kuhusu pesa yenyewe. Mpango ulioletwa 2023 unapima hali ya familia. Ulivyopangwa mwaka 2024 ulikuwa na makundi matano: familia ya kundi la kwanza ilitarajiwa kulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, ya kundi la tano asilimia 40. Tuseme kozi ni Sh. 200,000 kwa mwaka. Mmoja analipa 10,000, mwingine 80,000. Tofauti hiyo inatoka kwenye majibu ya ile fomu. Basi mtoto asiijaze peke yake kwenye saiba huku watu wamepanga foleni nyuma yake. Akae na mzazi, ajaze kweli tupu, na akiona amewekwa kundi lisilomfaa akate rufaa. Mpango huu umepelekwa mahakamani na Mahakama Kuu iliupinga Desemba 2024, serikali ikakata rufaa, kwa hiyo asilimia za mwaka wenu mziulize upya. Mjue pia kwamba ruzuku ni ya waliopangwa vyuo vya umma. Anayekwenda chuo cha binafsi anaweza kuomba mkopo tu.

Mahindi nayo. Januari ghala zimejaa na bei iko chini. Kwa kawaida hupanda kuelekea Juni na Julai, wakati ule ule majibu yanapotoka, na vyuo hufungua Agosti au Septemba. Anayeuza gunia zote Januari kwa ajili ya karo ya Septemba anajipunja mwenyewe. Akaushe vizuri, akinge dumuzi (yule tunayemwita osama), na auze karibu na siku ya kulipa. Shamba likikodishwa Januari, Machi utapanda wapi? Kwa harambee, mweka hazina aandike ahadi kwenye daftari sasa, pesa ipokelewe barua ya chuo ikionekana, na iwekwe benki au Sacco kwa jina la kikundi, si mfukoni mwa mwenyekiti.

Kuna wale wanaopiga simu: "Nina mtu ndani, lete elfu ishirini nikubadilishie kozi." Hakuna mtu ndani. Mashine inapanga kwa pointi. Afadhali kuogopa jambo dogo zaidi: namba ya mtihani na ya cheti cha kuzaliwa zisiachwe mezani saiba, kwa sababu mwenye nazo anaweza kuingia na kuvuruga machaguo.

Wachache wanatuuliza habari za Marekani, hasa wakisikia KenSAP, mpango ulioanzishwa 2004 na mwanariadha Mike Boit pamoja na John Manners kusaidia wanafunzi kuingia vyuo vikubwa vya huko. Vyuo vingi vya aina hiyo vina uamuzi wa mapema: unaomba chuo kimoja kufikia Novemba, jibu linakuja katikati ya Desemba, nalo ni ndiyo, hapana, au ngoja na wengine. Ukikubaliwa umefungwa, huwezi kwenda kwingine, isipokuwa msaada wa pesa hautoshi. KUCCPS haikufungi hivyo. Aliyepangwa chuo cha mbali anaweza kuomba kuhamishiwa karibu, tuseme Masinde Muliro pale Kakamega au Moi upande wa Eldoret, mradi alifikisha pointi za kozi hiyo huko na nafasi ipo. Na mwenye C- anaweza kuombea diploma Sigalagala au Shamberere kwa mfumo ule ule. Maombi ya uhamisho hufunguliwa baada ya majibu kutoka, na hufungwa upesi.