Je, Wajua? Risasi Yenye Mkanda

Mwaka 1912 watengenezaji wa bunduki wa London, Holland & Holland, walitoa risasi ya .375 Magnum, yenye kipenyo cha milimita 9.5, wakiwalenga wawindaji wa wanyama wakubwa Afrika na India. Itazame kwa karibu: ganda lake refu limechongoka taratibu kuelekea mbele, na karibu na kitako limezungukwa na mkanda wa shaba. Baruti ya siku hizo, kodaiti, ilikuwa nyuzinyuzi kama tambi, na jua kali liliongeza shinikizo lake. Ganda lililochongoka lilichomoka kwa urahisi baada ya kufyatuliwa. Tatizo ni kwamba bega lake lililala mno, halikuweza kuizuia risasi isizame ndani ya chemba. Kazi hiyo ikapewa mkanda.

Kichwa chake cha gramu 19 hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde. Nyati haponi, mradi mpigaji awe na shabaha! Nchi kadhaa za Afrika zimeifanya kuwa kiwango cha chini cha kuwindia wanyama hatari. Ganda hilohilo ndilo lililozaa .458 ya Winchester mwaka 1956.