Nuru Iliyomo Ndani ya Dawa ya Mseto

Mwaka 2003, wakati Kibiti na vijiji vya delta ya mto Rufiji vilipokuwa bado chini ya Wilaya ya Rufiji, wagonjwa wa malaria waliofika katika zahanati za wilaya ile walianza kupewa dawa mbili kwa pamoja, SP (sulfadoksini na pirimethamini) waliyokwisha kuizoea na artesuneti iliyokuwa ngeni kwao, nao watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara wakiangalia matokeo yake. Klorokwini iliyotumika hapo kabla ilikwisha kuachwa tangu 2001, kwa kuwa vimelea vya maradhi hayo vilikuwa vimeizoea hata haikuvidhuru tena. Na mwishoni mwa 2006 taifa zima la Tanzania likaingia katika dawa ya mseto, ALu, yaani artemeta na lumefantrini, ambayo hata leo ndiyo tegemeo la mkulima wa mpunga wa Mbwera au Nyamisati mtoto wake anaposhikwa na homa.

Asili ya artesuneti, na ya artemeta iliyomo katika ALu, ni artemisinini, iliyopatikana China katika miaka ya 1970 kwa juhudi za Bibi Tu Youyou, aliyetunukiwa Nobel mwaka 2015, kutokana na mmea wa artemisia ulio jamaa ya pakanga. Nguvu yake yote imo katika daraja dogo la atomu mbili za oksijeni, ambalo likikutana na chuma cha damu ndani ya kimelea huvunjika na kukiangamiza. Na daraja hilo hujengwa kwa nuru: rangi maalumu hunasa mwanga, huitia oksijeni ukali usio wa kawaida, na oksijeni hiyo hujishika na asidi iliyomo katika majani ya mmea, kisha mageuzi mengine hufuata hata dawa ikatimia.

Taabu ya kuifanya kazi hiyo viwandani ilikuwa katika chombo. Katika pipa kubwa mwanga hauendi mbali. Humezwa na tabaka la juu, na kimiminika cha ndani hubaki gizani. Mwaka 2012, François Lévesque na Peter Seeberger, katika taasisi ya Max Planck iliyoko Potsdam, Ujerumani, walikipitisha kimiminika hicho ndani ya mrija mwembamba uliozungushiwa taa, kikitiririka bila kukatika, kila tone likipata haki yake ya nuru. Wakapata artemisinini kiasi cha asilimia 39 ya kile kilichowezekana, nao wakakadiria kuwa chombo kimoja kingeweza kutoa gramu 200 hivi kwa siku.

Lakini rangi yao iliyeyushwa pamoja na dawa, na kilichoyeyushwa sharti kitengwe baadaye, kwa gharama na upotevu. Hapa ndipo panapostahili fikira zetu. Tangu 1973, Neckers na Schaap wa Marekani na wenzao walikwisha kuonyesha kuwa rangi iitwayo rosi bengali yaweza kufungwa katika chembe za plastiki zisizoyeyuka, ikafanya kazi ile ile; chembe zikijazwa katika mrija, kimiminika hupita na rangi hubaki, mithili ya mizizi ya mikoko isimamayo mahali pake maji yakijaa na kupwa. Kichocheo hicho, yaani rangi ile, hutumika tena na tena. Si kwamba hakina dosari: nuru yenyewe huipausha rangi kidogo kidogo, na chembe zikisongamana huzibiana mwanga, hivyo mafundi hawana budi kuchagua mrija mwembamba.

Artemisia imelimwa Arusha, na majani ya Afrika Mashariki yalikuwa yakipelekwa Athi River, Kenya, kukamuliwa; bali vidonge vilivyorudi katika zahanati zetu aghalabu vilitoka ng'ambo. Chombo kidogo cha mtiririko, chenye taa na kichocheo kinachotumika tena, hakihitaji kiwanda cha mabilioni. Nawaomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kile cha Muhimbili, na wenye kushika hazina ya taifa, waifanye kazi hii hapa nchini, ili watu wa Rufiji, ambao miili yao ilitumika kuipima dawa ya mseto, wapate nao sehemu katika kuitengeneza.