Muhogo usitoke majini mapema

Baba mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Mshahara umekwisha, mwezi haujaisha, na deni la dukani limejaa. Hapa Salamabila mama anafanya hesabu: mchele anauacha, samaki anamwacha, anabaki na muhogo. Si kosa, muhogo unashibisha. Hatari inaingia pale anaposikia watoto wanalia njaa, akautoa muhogo majini baada ya siku moja.

Muhogo mchungu una sumu, na kulowekwa ndiko kunakoipunguza. Mtu akila sumu hiyo wiki baada ya wiki, bila maharagi wala samaki, anaweza kuamka asubuhi miguu imekakamaa, na haiponi tena. Ugonjwa huo ni konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kwango, humu humu nchini kwetu. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, Tanzania. Wengi wanaopatwa ni wanawake na watoto. Baba, tazama kipande cha samaki kinakwenda kwenye sahani ya nani.

Menya muhogo, uuloweke siku 3 au 4 mpaka uwe laini na kuvunjika mkononi, ndipo uuanike.

Na unga wa sokoni? Hujui aliyeutengeneza aliuharakisha namna gani. Tia unga mkavu ndani ya beseni, weka alama pale unapofika. Ongeza maji, ukikoroga: unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, usizidi unene wa sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inatoka kama hewa, wala huioni. Pika bugali siku ile ile. Akina mama wa Kwango wametumia njia hii, na haiombi hata franka moja.

Sombe nalo litwangwe, lichemke vizuri, lipate karanga za kusaga na ndagala kidogo. Siku ya mshahara, kabla ya chupa ya kwanza ya bia, nunua maharagi ya mwezi mzima. (Wenzangu watanikasirikia. Wanikasirikie tu.)

Mtoto akianza kujikwaa na kutembea kwa ncha za vidole, mwondolee muhogo mchungu siku hiyo hiyo, umpeleke kwa mganga wa dispensari.