Kabla hujanunua redio, sikia yaliyonipata juu ya paa Majengo

Kama unaishi Majengo hapa Meru, huenda uliwahi kuniona. Mimi ndiye yule jamaa aliyekuwa akipanda kando ya tangi la maji kila jioni, kiredio cheusi mkononi, antena imesimama wima. Mama mmoja wa ploti aliniuliza kama siku hizi nimeandikwa kanjo. Mwingine akaamua mimi ni jasusi. Ukweli wenyewe ni wa aibu zaidi: nilikuwa nimetoa shilingi 4,500, pesa ya kuhariri video za harusi, kununua redio ambayo kwa wiki tatu haikunisikizisha mtu hata mmoja.

Kwa hivyo ukiniuliza kuanza redio ya ridhaa kunagharimu pesa ngapi, nitakujibu hivi: inategemea utanunua nini kwanza.

Tuelewane kidogo. Redio ya ridhaa, ambayo wenyewe huiita ham, ni watu wa kawaida wanaoongea redio kwa redio, bila laini ya simu, bila bando, na bila kuuza chochote. Ukiwa na leseni unapewa jina lako la hewani. La Mkenya huanza na 5Z4, na mtu wa Japani au Brazil akilisikia anajua umetoka wapi.

Sasa, kosa langu. Video zote nilizotazama zilisema anza na redio ya mkononi ya Kichina kama Baofeng UV-5R, kwa sababu ni rahisi. Bei ni rahisi kweli. Shida ni kwamba mawimbi yake husafiri kama mwanga wa tochi: kikikaa kitu kikubwa katikati, yameishia hapo. Kati ya Meru na Nairobi kuna bega la Mlima Kenya, na zaidi ya kilomita 150 za ardhi iliyopinda. Wati 5 zangu zingemfikia nani? Wewe wa Majengo ya Embu una nafuu kidogo, maana ukitazama Nairobi mlima uko nyuma yako. Lakini bado unahitaji mtu upande wa pili, tena aliye karibu.

Halafu kuna hili ambalo aliyeniuzia hakunitajia: kusikiliza ni jambo moja, kubonyeza kitufe uongee ni jambo lingine. Sheria ya habari na mawasiliano ya 1998 inataka uwe na leseni ndipo urushe mawimbi, na leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kwa hivyo nilikuwa na redio nisiyoruhusiwa kuongelea, inayotafuta watu wasioweza kunisikia. Hesabu hiyo piga mwenyewe.

Ningeanza upya leo, ningefuata mpangilio huu.

Kwanza, sikiliza bure. Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi kina redio iliyounganishwa na intaneti, na mtu yeyote anaweza kuizungusha kwa simu yake. Tumia usiku mmoja kwenye masafa ya megahazi 7 hadi 7.2. Utasikia Waitaliano wakibishana kuhusu antena na Warusi wakisalimiana. Kama saa mbili za hivyo zitakuboesha, umeokoa pesa yako na tumeachana vizuri. Gharama: bando.

Pili, nunua masikio. Kuna kifaa kinachofanana na flashi, RTL-SDR, unachochomeka kwenye kompyuta ikawa redio. Kwa dola 30 hadi 40 hivi unapata kimoja, yaani kama 5,000 hapa kwetu kabla ya usafiri na ushuru. Kisha tazama juu ya paa: lile dishi la TV lililokufa bado lina kazi. Tangu mwishoni mwa 2018 kuna setilaiti iitwayo QO-100 iliyobeba mtambo wa watu wa ham, na imesimama juu ya Afrika, nyuzi 25.9 mashariki. Ukiwa Meru iko karibu juu ya utosi, imeegemea magharibi kidogo. Dishi la kawaida na kile kichwa chake vinatosha kusikiliza Wazungu, Waarabu na Waafrika wakipiga gumzo.

Tatu, leseni. Weka pesa hapa kabla ya kununua redio yoyote ya kurusha. Waulize mamlaka ada ya sasa, na uwatafute Amateur Radio Society of Kenya, chama cha wenyewe, wakuelekeze kuhusu mtihani. Ongeza nauli ya Nairobi kwenye bajeti. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo neno mtihani bado hunipa tumbo la kuendesha. Lakini hapa kinachopimwa ni kama unaelewa umeme, masafa na adabu ya hewani. Hayo nilijifunza usiku kwa simu, na hakuna aliyeniuliza joho liko wapi.

Nne, waya. Antena ya megahazi 7 ni waya wa mita 20 hivi uliokatwa katikati, mita 10 kila upande. Megahazi 14 inataka nusu ya hapo, na hiyo inatosha juu ya kamba za nguo za ploti yetu. Kebo ya dishi inafaa kuiunganisha. Fundi yeyote wa redio mjini atakulehemia. Mawimbi ya 7 hupanda angani yakarudi chini kama mpira uliodundishwa, kwa hivyo mlima wanauruka tu.

Mwisho kabisa ndiyo redio yenyewe. Mpya ya wati 100 inaweza kufika dola 1,000, pesa ya ng'ombe wa maziwa. Achana nayo. Kuna za kuunganisha mwenyewe, wati 5, kwa takriban dola 100. Tuseme 13,000, na bado ushuru. Ukiweka shilingi 50 kwa siku, mwaka ukiisha una 18,250.

Na kile kiredio changu? Sikukiuza. Siku moja nilikiweka 145.800, nikangoja kituo cha anga cha kimataifa kipite, kama kilomita 400 juu. Kikatokea kusini-magharibi, redio ikaanza kukwaruza, halafu sauti ya mtu ikasikika wazi kabisa. Nairobi ilinishinda, lakini kati yangu na anga hakukuwa na mlima. Nilisikiliza dakika kama saba hivi, kisha kikapotelea upande wa Nyambene.

Yule mama wa ploti alikuwa anaanua nguo. Aliniuliza ninaongea na nani. Nikamwambia bado siongei, nangoja leseni. Akaniambia nikipanda tena nimwangalizie tangi kama limejaa.