Waliopanda Juu Kuliko Mawingu

Sisi tukaao Uvira twajua maana ya kupanda. Mbele yetu ni Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya bahari. Nyuma yetu milima ya Mitumba yapita mita 3,000. Kila aliyekwenda kwa miguu hadi nyanda za juu amehisi jinsi baridi inavyozidi na pumzi inavyopungua. Basi, wasomaji wapenzi, tuwafikirie watu waliopanda mara tano kuliko milima hiyo, wakichukuliwa na puto tu.

Puto hujazwa gesi iliyo nyepesi kuliko hewa, nayo hulipandisha kama boya lililoachiliwa chini ya maji. Kupanda ni rahisi. Kuishi huko juu ndiko kugumu. Tarehe 15 Aprili 1875 Wafaransa watatu walipanda kwa puto liitwalo Zénith, wakapita mita 8,000. Walichukua oksijeni ya kuvuta. Lakini hewa nyembamba haipigi hodi: humlegeza mtu polepole, naye hujiona yu mzima. Walipoihitaji oksijeni, mikono haikuwatii; wote wakazimia. Crocé-Spinelli na Sivel walikufa. Tissandier peke yake alipona, naye akabaki kiziwi.

Profesa Auguste Piccard, Mswisi aliyefundisha Brussels, alitaka kwenda juu zaidi ili apime mionzi itokayo mbali angani. Akatengenezewa tufe la alumini lililofungwa kabisa, lenye hewa yake ndani. Fedha zilitolewa na mfuko wa sayansi wa Ubelgiji, nchi iliyoitawala Kongo siku zile.

Alfajiri ya tarehe 27 Mei 1931, yeye na msaidizi wake Paul Kipfer waliondoka Augsburg, Ujerumani. Wakiwa bado wanapaa, walisikia mlio wa hewa ikivuja. Tundu! Piccard akaliziba kwa katani na vaselini, huku puto likizidi kwenda juu. Walifika mita 15,781, mahali ambapo hapakuwa pamefikiwa na mtu yeyote.

Sasa washuke, lakini kamba ya kufungulia gesi ilikuwa imenasa. Jua likalichoma tufe, kiu ikawashika, wakaramba matone ya maji ukutani. Hapakuwa na dawa ila kungoja jioni, gesi ipoe na kusinyaa. Giza lilipoingia, puto likatua juu ya barafu ya milima ya Austria. Kesho yake waliteremka kwa miguu, wazima wote wawili.

Wafaransa wale hawakukosa moyo, walikosa kinga. Piccard alikuwa na moyo, kinga, na zaidi ya hayo, subira. Leo abiria wa ndege hukaa salama kwenye mita 10,000 kwa kuwa hewa hutunzwa ndani, kama katika tufe lile. Naye mwaka 1953, pamoja na mwanawe Jacques, alishuka katika bahari ya Italia hadi mita 3,150, zaidi ya mara mbili ya kina cha ziwa letu, ambacho ni mita 1,470.

Ushujaa si kudharau hatari. Mvuvi wetu aangaliaye mawingu ya Mitumba kabla ya kusukuma mtumbwi si mwoga. Ndiye atakayerudi alfajiri na ndagala kwa watoto wake.